Risasi-210: Saa ya Karne Moja na Nusu

Risasi-210 ni isotopu ya risasi ambayo kiini chake hakijatulia. Ina protoni 82 kama risasi nyingine yoyote, lakini nyutroni zake ni 128, na jumla ya chembe hizo ndiyo inayoipa namba yake. Risasi ya kawaida, ile inayowekwa kwenye betri za magari na kufungwa kama chubwi kwenye mishipi ya wavuvi, ni mchanganyiko wa isotopu nne tulivu: risasi-204, 206, 207 na 208. Hii ya mwisho ndiyo iliyo nyingi kuliko zote, zaidi ya nusu ya risasi yote duniani. Risasi-210 hupatikana kwa chembe chache sana, nayo hupungua yenyewe mwaka hadi mwaka huku ikigeuka kuwa elementi nyingine.

Kwa nini kiini hiki hakitulii, ilhali risasi-208 imetulia kabisa? Ndani ya kiini, protoni na nyutroni hujipanga kwa matabaka, na tabaka likijaa kiini huwa imara. Protoni 82 hujaza tabaka lao. Nyutroni 126 hujaza la kwao. Risasi-208 imejaza yote mawili, ndiyo maana uimara wake ni wa kupigiwa mfano miongoni mwa viini vizito. Risasi-210 imepita hapo kwa nyutroni mbili tu. Mbili hizo hukaa juu ya tabaka lililojaa, na kiini hupata nafuu kidogo kikigeuza nyutroni moja kuwa protoni. Nafuu yenyewe ni ndogo mno: elektronivolti 63,500, nishati duni kwa kipimo cha mambo ya nyuklia. Udogo huo ni sababu kubwa inayoifanya idumu kwa miaka, wakati ndugu zake wenye nishati zaidi hawadumu. Nusumaisha ya risasi-212, yaani muda ambao nusu ya viini vyake huvunjika, ni saa 10.6; ya risasi-214 haifiki hata nusu saa.

Asili ya risasi-210 ni urani. Urani-238, ambayo nusumaisha yake ni miaka bilioni 4.5, huvunjika polepole na kuanzisha mlolongo mrefu wa elementi zinazozaana. Katikati ya mlolongo huo ipo radiamu-226, yenye nusumaisha ya miaka 1,600, na radiamu huzaa radoni-222, ambayo ni gesi. Radoni haikai sana. Baada ya siku 3.8 nusu yake imeshatoweka, ikifuatwa na msururu wa viini vya muda mfupi: poloni-218, risasi-214, bismuthi-214, kisha poloni-214, ambayo huishi kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Poloni-214 ikivunjika, kinachobaki ni risasi-210. Msururu wote kutoka radoni kushuka hadi poloni-214 huenda mbio, halafu unafika kwenye risasi-210 na kusimama kwa miongo.

Kwa hiyo kila penye urani pana risasi-210. Imo katika miamba ya Mto Mkuju wilayani Namtumbo, imo Shinkolobwe kule Katanga, imo katika mawe ya fosfeti ya Minjingu karibu na Ziwa Manyara, na kwa kiasi kidogo sana imo katika udongo wa shamba lolote, kwa sababu hakuna udongo usio na chembe za urani.

Uvunjikaji wa risasi-210 wenyewe ni wa aina ya beta. Nyutroni moja hugeuka protoni, elektroni hurushwa nje, na kiini huwa bismuthi-210. Mara nane au zaidi katika kila kumi, elektroni hiyo hupewa elektronivolti zisizozidi 17,000, na bismuthi inayozaliwa hubaki na ziada ya elektronivolti 46,500 inayotaka kutolewa. Ziada hiyo ingeweza kutoka kama mwonzi wa gamma, lakini mara nyingi kiini huikabidhi kwa elektroni iliyo karibu nacho, nayo hutimka. Matokeo yake ni kwamba katika viini 100 vya risasi-210 vinavyovunjika, ni vinne hivi tu vinavyotoa mwonzi wa gamma. Ipo njia nyingine, ya alfa, inayoelekea kwenye zebaki-206, lakini huifuata viini viwili hivi katika kila milioni 100.

Mionzi dhaifu namna hii haifiki mbali. Elektroni za risasi-210 huzuiwa na unene mdogo sana wa kitu chochote, na gamma zake chache humezwa kwa urahisi na sampuli yenyewe inayopimwa. Ndiyo sababu mara nyingi wapimaji huisaka kupitia watoto wake. Bismuthi-210, yenye nusumaisha ya siku 5, hutoa elektroni zinazofikia elektronivolti milioni 1.16. Baada yake huja poloni-210, yenye nusumaisha ya siku 138, ambayo hurusha chembe ya alfa yenye elektronivolti milioni 5.3 na kuacha risasi-206. Hapo safari iliyoanza na urani inakwisha, kwa kuwa risasi-206 haivunjiki tena.

Mtu akichukua risasi-210 safi na kuifungia kwenye chupa, bismuthi itajengeka hadi kulingana nayo ndani ya mwezi mmoja na kitu. Poloni huchukua muda mrefu zaidi, kama miaka miwili. Baada ya hapo, kwa kila kiini cha risasi-210 kinachovunjika, kimoja cha poloni-210 nacho huvunjika. Usawa huo una faida kubwa: anayeihesabu poloni, ambayo alfa zake huonekana vizuri, anakuwa ameihesabu risasi pia.

Nusumaisha ya risasi-210 ni miaka 22.2. Baada ya muda huo inabaki nusu. Baada ya miaka 44, robo. Baada ya miaka 111, sehemu moja ya 32. Hakuna joto, baridi, tindikali wala shinikizo la kawaida la dunia linaloweza kuiharakisha au kuichelewesha. Gramu moja iliyo safi ingekuwa na viini takriban trilioni 2.8 vinavyovunjika kila sekunde, ndiyo maana kiasi kisichoonekana kwa jicho wala kwenye mizani bado huweza kuhesabiwa na mitambo.

Mambo mawili kati ya haya yaliyotajwa yanatosha kueleza karibu matumizi yote ya risasi-210 na karibu usumbufu wake wote. La kwanza, umri wake unalingana na kizazi kimoja cha binadamu. La pili, kikemia ni risasi tu, na hakuna dawa inayoweza kuitenga na risasi nyingine.

Hili la pili liligunduliwa kwa uchungu. Mwanzoni mwa karne ya 20, kabla isotopu hazijaeleweka, wanasayansi walizipa dutu za mlolongo wa radiamu majina ya herufi, na risasi-210 ikaitwa radiamu D. Mwaka 1911 Ernest Rutherford, aliyekuwa Manchester nchini Uingereza, alikuwa na shehena ya risasi iliyotoka kwenye mawe ya urani ya Joachimsthal, katika himaya ya Austria. Ndani yake mlikuwa na radiamu D nyingi, lakini ilizongwa na risasi ya kawaida kiasi cha kutofaa kwa majaribio. Rutherford alimpa kijana kutoka Hungaria, Georg de Hevesy, kazi ya kuitenga. Hevesy alijaribu kila mbinu ya kemia aliyoijua kwa muda mrefu bila mafanikio yoyote. Kila radiamu D ilipokwenda, risasi ilikwenda nayo.

Akili ya Hevesy ilionekana katika alichofanya na kushindwa huko. Ikiwa viwili hivi haviachani, basi radiamu D inaweza kuwa alama ya kuifuatilia risasi popote iendapo. Huko Vienna, yeye na Friedrich Paneth walikusanya radiamu D safi iliyojengeka ndani ya vichupa vilivyowahi kuwekwa radoni, wakaichanganya na risasi ya kawaida, na mwaka 1913 wakapima kiasi cha kromati ya risasi na salfaidi ya risasi kinachoyeyuka katika maji. Kiasi hicho ni kidogo kuliko ambacho mizani ingeweza kukiona, ila mionzi ilikionesha. Miaka kumi baadaye Hevesy alitumia risasi-212 kufuatilia jinsi mimea ya maharagwe inavyofyonza risasi kutoka mizizini. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1943 alipewa kwa njia hiyo ya ufuatiliaji, na tiba ya nyuklia inayofanyika hospitalini leo imejengwa juu yake.

Matumizi makubwa zaidi ya risasi-210 leo yamo kwenye tope. Radoni inayozaliwa ardhini hupenya katika nyufa za udongo na kutoka hewani. Hukohuko juu huvunjika, na risasi-210 inayozaliwa hunasa kwenye chembe za vumbi. Haikai angani zaidi ya siku au wiki chache. Mvua huishusha, au hujitua yenyewe juu ya majani, paa na maji. Ikianguka ziwani, hujishikiza kwenye chembe za udongo na mabaki ya viumbe, ikazama nazo hadi chini. Mwaka unaofuata tope jipya huifunika, na lililofunikwa haliongezewi tena risasi kutoka angani. Tangu siku hiyo kinachofanyika ni kupungua tu.

Edward Goldberg, mtafiti wa Marekani, alipendekeza mwaka 1963 kwamba kupungua huko kutumike kupima umri wa barafu. Mwaka 1971 S. Krishnaswami na wenzake walichapisha matumizi yake kwenye tope la maziwa, na mwaka 1978 Peter Appleby na Frank Oldfield wa Liverpool wakatoa hesabu inayokubali kwamba tope halijikusanyi kwa kasi ileile kila mwaka, jambo ambalo kila anayeishi kando ya ziwa lenye mito inayotapika udongo wakati wa masika anaweza kulithibitisha.

Kazi yenyewe huanzia ndani ya mashua. Bomba la plastiki angavu hushushwa wima hadi lizame kwenye tope la chini, kisha huvutwa juu likiwa limejaa. Kinachotakiwa kulindwa kuliko vyote ni uso wa juu, ule laini kama uji, kwa sababu ndiyo leo. Tope husukumwa kutoka chini ya bomba na kukatwa kwa vipande vya sentimita moja au nusu yake, kila kipande kikitiwa kwenye mfuko wake wenye namba. Maabara hukausha, hupima uzito na kusaga. Kisha mpimaji huchagua mojawapo ya njia mbili. Akifuata gamma, huifunga sampuli isipitishe hewa kwa wiki tatu hivi na kuiweka juu ya kigunduzi cha jemaniumi, akisubiri alama ya elektronivolti 46,500. Akifuata alfa, huyeyusha sampuli kwa tindikali na kuingiza kisahani cha fedha, na poloni, kwa tabia yake ya kupendeza, huacha maji na kujibandika yenyewe juu ya fedha hiyo.

Kuna hesabu ya kutoa inayopaswa kufanywa kwanza. Tope lenyewe lina radiamu kidogo, na radiamu hiyo huzaa risasi-210 isiyotoka angani wala isiyopungua. Kusubiri kwa wiki tatu ni kwa ajili hiyo: radoni iliyofungiwa hujengeka hadi kulingana na radiamu, kiasi cha radiamu kikajulikana, na sehemu hiyo ikatolewa kwenye jumla. Kinachobaki ndicho kilichotoka mawinguni. Tuseme kipande cha juu kina bekereli 400 kwa kilo (yaani viini 400 vinavyovunjika kila sekunde) na kipande kilicho sentimita 20 chini kina 50. Hamsini ni moja ya nane ya mia nne, yaani nusumaisha tatu zimepita, yaani miaka 66 au 67. Tope la ziwa hilo limekuwa likiongezeka kwa milimita tatu hivi kila mwaka. Ikipita miaka 100 hadi 150, kilichobaki huwa kidogo mno kutofautishwa na kile cha radiamu, na saa hukoma. Ili kuihakiki, wapimaji hutafuta pia kasiamu-137 iliyotokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, ambayo kilele chake huangukia mwaka 1963.

Karne moja na nusu inaweza kuonekana fupi kwa mwanajiolojia. Kwa historia ya mazingira ndiyo miaka inayohitajika zaidi, maana ndiyo iliyobeba reli, mashamba makubwa, ukataji misitu, viwanda na ongezeko la watu. Ziwa Victoria ni ushahidi mzuri. Tope lake lilipochunguzwa na kutiwa miaka kwa risasi-210, katika utafiti wa Dirk Verschuren na wenzake uliochapishwa mwaka 2002, ilionekana kwamba mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, sambamba na kukua kwa kilimo na idadi ya watu katika bonde la ziwa, na kwamba maji ya kina yalianza kukosa oksijeni mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sangara waliopandikizwa ziwani walikuja kushamiri katika miaka ya 1980, wakati furu walipotoweka kwa wingi. Lawama yote iliyokuwa imewekwa juu ya sangara ilibidi igawanywe: ziwa lilikuwa limeshaanza kuugua kabla yao, na chanzo cha ugonjwa kilikuwa nchi kavu. Bila tarehe, tope lingeonesha kwamba mambo yamebadilika. Lisingeonesha nini kilitangulia.

Saa hiyohiyo iliwahi kupelekwa kwenye sanaa. Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walitumia rangi nyeupe iliyotengenezwa kwa risasi. Mawe ya risasi yanapoyeyushwa tanuruni, radiamu nyingi hubaki kwenye takataka, lakini risasi-210 hufuatana na risasi nyingine hadi kwenye rangi. Kuanzia hapo haina mzazi wa kuijazia. Rangi ya miaka 300 itakuwa imepoteza ziada yote, na risasi-210 iliyomo italingana na radiamu iliyosalia. Rangi changa itakuwa na risasi-210 nyingi kuliko radiamu. Bernard Keisch wa Pittsburgh, Marekani, aliitumia kanuni hii katika miaka ya 1960 kupima picha ya Emmaus, ambayo ilinunuliwa mwaka 1937 kwa ajili ya jumba la makumbusho la Rotterdam kama kazi ya Johannes Vermeer, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17. Mchoraji Han van Meegeren alikuwa ameshakiri kwamba aliichora yeye, lakini wapo waliokataa kumwamini. Katika gramu ya risasi ya rangi hiyo, poloni-210 ilivunjika mara 8.5 kwa dakika na radiamu mara 0.8. Katika picha ya Vermeer ya mshonaji wa lesi, ambayo haina shaka, namba zilikuwa 1.5 na 1.4. Ubishi ulikwisha.

Kisichotengana na risasi huwa kero pale ambapo risasi inatakiwa iwe kimya. Wanafizikia wanaotafuta matukio adimu ya kiini huzungushia vyombo vyao kuta za risasi ili kuzuia mionzi ya nje, kisha hugundua kwamba ukuta wenyewe unatoa mionzi kwa sababu ya risasi-210 iliyomo. Viwanda vya kompyuta vilipatwa na tatizo la aina hiyo: alfa ya poloni-210 kutoka kwenye lehemu ya risasi ikipiga kijisehemu cha kumbukumbu, huweza kubadili sifuri kuwa moja. Kusafisha hakuwezekani. Dawa pekee ni wakati, na waliohitaji wakati mrefu waliukuta baharini. Karibu na kisiwa cha Sardinia, Italia, kulizama meli ya Kirumi katika karne ya kwanza kabla ya Kristo ikiwa na shehena ya vinoo vya risasi, kila kimoja kilo 33 hivi. Mwaka 2010 vinoo 120 vilipelekwa kwenye maabara ya Gran Sasso, iliyo chini ya mlima, vikayeyushwe kukinga jaribio liitwalo CUORE. Miaka 2,000 ni nusumaisha 90. Hata kama kinoo kizima kingekuwa risasi-210 tupu siku meli ilipozama, leo isingetarajiwa kubaki hata atomu moja. Sehemu zenye maandishi ya Kirumi zilikatwa kwanza na kuhifadhiwa, na ilikuwa haki, kwani baadhi ya wanaakiolojia waliumia kuona urithi huo ukiyeyushwa.

Mwilini, risasi-210 huingia kwa chakula, maji na pumzi. Mwili huichukulia kama kalisi na kuihifadhi kwenye mifupa, ambako hukaa kwa miaka mingi. Kutoka hapo huzaa poloni-210, na alfa za poloni ndizo zenye madhara hasa, kwa sababu humwaga nishati yao yote ndani ya seli chache. Mifupa hutunza kumbukumbu pia: wachimbaji wa urani waliovuta radoni kwa miaka mingi migodini wamepimwa risasi-210 kwenye fuvu ili kukadiria walichovuta zamani. Hata kioo cha picha ukutani hukumbuka. Kiini cha poloni-214 kinaporusha alfa karibu na kioo, mtoto wake, risasi-210, husukumwa kinyume na kujichimbia ndani ya kioo, na watafiti wa Sweden walionesha mwishoni mwa miaka ya 1980 kwamba poloni-210 inayotokana na risasi hiyo huweza kueleza nyumba ilikuwa na radoni kiasi gani kwa miaka iliyopita.

Vyakula havilingani. Samaki, na hasa kome na viumbe wengine wa baharini wenye kombe, wana poloni-210 zaidi ya nafaka. Kuvu wa mawe wa nchi za Aktiki hupata chakula chao karibu chote hewani, hivyo hukusanya risasi-210 inayoanguka, kulungu wa huko waitwao caribou huwala, na wenyeji hula wanyama hao. Hata hivyo kwa mtu wa kawaida dozi itokanayo na chakula ni sehemu ya mionzi ya asili ambayo binadamu ameishi nayo daima.

Tumbaku ni habari nyingine. Jani lake, liwe la Tabora, Urambo au Virginia, limejaa vinywele vyenye utomvu unaonata, na vumbi lenye risasi-210 hunaswa humo. Mbolea za fosfeti huongeza sehemu yake. Mwaka 1964 Edward Radford na Vilma Hunt wa Chuo Kikuu cha Harvard walionesha kwamba poloni-210 hutoka na moshi wa sigara na kuingia mapafuni. Kukausha jani hakuondoi risasi-210, na tumbaku iliyowekwa ghalani kwa miaka miwili kabla ya kusokotwa huwa na poloni inayolingana nayo. Poloni hugeuka mvuke kwa joto la sigara inayowaka, hupanda na chembe za moshi, na hutua pale njia za hewa zinapogawanyika ndani ya pafu. Alfa zake hupiga seli zilezile kila siku ya uvutaji, zikiongezea madhara ya kemikali nyingine nyingi za moshi zinazosababisha saratani.